Uzamili wa ubunifu majengo: lipia miaka unayopungukiwa tu

Vijana wanaomaliza shahada ya ubunifu majengo huniuliza swali moja kwa maneno tofauti: chuo gani cha nje ni rahisi? Wengine huja na majina tayari, Berlin, Milano, Leuven, Manchester, wanataka niwachagulie. Msimamo wangu ni kwamba kozi nafuu ni ile inayokuuzia miaka unayopungukiwa, basi. Kabla ya ada na kabla ya jina la chuo kuna mambo mawili ya kuulizwa: shahada uliyonayo inatambuliwaje na bodi ya nchi utakayofanyia kazi, na kozi unayoitaka itachukua muda gani. Ukiyajibu hayo mawili kwa dhati, utakuta kwamba kwa mhitimu mwenye B.Arch ya miaka mitano, njia nafuu kuliko zote mara nyingi ni kutoondoka mwaka huu. Afanye kazi, apate muhuri wake wa mbunifu aliyesajiliwa, kisha atafute uzamili mfupi wenye mfadhili.

Najua neno "subiri" halimfurahishi mtu wa miaka 25 aliyeona wenzake wakipiga picha mbele ya kanisa kuu la Cologne. Wazazi nao hawalipendi. Kwao uzamili wa nje ni darasa linalofuata baada ya joho, kama sekondari ilivyofuata msingi. Taaluma yetu haikupangwa hivyo, na asiyelijua hilo hulilipia kwa fedha za kigeni.

Bidhaa mbili, jina moja

Chini ya jina "uzamili wa ubunifu majengo" kuna bidhaa mbili, na brosha za vyuo hazijisumbui kuzitenganisha. Ya kwanza ni shahada ya kitaaluma, inayokamilisha masomo yanayomstahilisha mtu kuomba usajili. Marekani ni M.Arch iliyoidhinishwa na NAAB, chombo kinachokagua shule za ubunifu majengo nchini humo. Uingereza ni kozi ya miaka miwili inayobeba hatua iitwayo Part 2. Ya pili ni shahada ya kubobea. Hiyo humpokea mtu ambaye tayari amesomea ubunifu majengo na kumzamisha katika jambo moja: hifadhi ya majengo ya kale, usanifu wa miji, nishati na hali ya hewa ndani ya jengo, makazi ya watu wa kipato cha chini. Kwa kawaida ni mwaka mmoja, wakati mwingine miwili, na haimsajili mtu popote.

Wengi wa wenzetu wa Ulaya na Marekani waliikata safari ya masomo vipande viwili: miaka mitatu au minne ya mwanzo, kisha miwili hivi ya uzamili. Ndiyo maana kwao uzamili si anasa. Asiyeusoma ameishia njiani. Mfumo wetu haukukatwa hivyo. Katika Chuo Kikuu Ardhi mwanafunzi husoma B.Arch miaka mitano mfululizo, na anapotoka ameshapita studio ambazo mwenzake wa Ulaya huzipata uzamilini. Kinachobaki si darasa. Ni mafunzo kazini chini ya mbunifu aliyesajiliwa, kisha mitihani ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2010. Kenya kuna bodi yake, BORAQS, iliyo chini ya sheria ya Sura ya 525, yenye mafunzo kazini na mitihani yake. Uzamili wa London au Milano hauchukui nafasi ya hatua hizo.

Kijana mmoja aliyekuwa akichora ofisini kwetu alinionyesha barua ya udahili ya chuo kimoja cha Ulaya. Tuliisoma mstari kwa mstari. Sifa ya kuingilia: shahada ya kwanza ya ubunifu majengo ya miaka mitatu. Yeye alikuwa na mitano. Muda: mihula minne. Tukafungua orodha ya masomo. Studio ya kwanza ilikuwa makazi ya pamoja kwenye kiwanja chenye mteremko, ya pili jengo la umma, ya tatu ukarabati wa jengo la zamani, na muhula wa nne ulikuwa tasnifu. Nikamwomba afungue kabrasha lake la chuoni. Makazi ya pamoja alishayachora mwaka wa tatu, jengo la umma mwaka wa nne, na tasnifu alishaitetea. Kipya kilikuwa ile studio ya ukarabati. Kwa hiyo alikuwa analipia mihula minne ili apate mmoja, na muhula huo angeweza kuupata kwa kina zaidi katika kozi ya mwaka mmoja ya hifadhi ya majengo.

Hili halina maana kwamba chuo kile kilikuwa kibaya. Kozi ile imetengenezwa kwa ajili ya kijana wa Ulaya mwenye miaka mitatu ya masomo, na kwake inatosha sawasawa. Wetu anapoingia humo anarudia darasa ambalo alishalipita.

Hesabu ya kweli

Gharama ya uzamili ni idadi ya miaka, zidisha kwa jumla ya vitu vinne: ada, maisha, studio, na mshahara uliouacha nyumbani. Anayetazama ada peke yake hupotezwa na neno "bure".

Tuanze na Ujerumani, maana ndiyo inayotajwa zaidi. Ni kweli vyuo vingi vya umma huko havitozi ada ya masomo. Lakini viza ya mwanafunzi hutolewa kwa anayethibitisha kwamba ataweza kujikimu, na njia iliyozoeleka ni akaunti iliyozuiliwa: unaweka euro 11,904 za mwaka mzima, kisha unaruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Kozi ikiwa ya miaka miwili, hizo ni karibu euro 24,000 kabla ya tiketi ya ndege, mchango wa kila muhula na vifaa. Kwa shilingi za Tanzania tunazungumzia takribani milioni 70. Na "bure" yenyewe inapungua. Jimbo la Baden-Württemberg, lenye Stuttgart na Karlsruhe, linawatoza wanafunzi wengi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza kuwatoza mwaka 2024, na kozi zake za uzamili ni kati ya euro 4,000 na 6,000 kwa muhula. Tena kozi nyingi za ubunifu majengo huko hufundishwa Kijerumani. Asiyekijua aongeze mwaka wa lugha kwenye hesabu yake. Nchi za kaskazini mwa Ulaya nazo ziliacha bure zamani: Uswidi ilianza kuwatoza wageni mwaka 2011, Finland 2017, na Norwei, iliyokuwa kimbilio la mwisho, 2023.

Studio ndiyo gharama ambayo barua ya udahili haiitaji kabisa. Mwanafunzi wa uchumi anahitaji vitabu na kompyuta ya kawaida. Wa kwetu anahitaji kompyuta inayobeba michoro mizito ya 3D, karatasi za A1 na A0 zinazochapwa upya kila mwalimu anapobadilisha mawazo, kadibodi na mbao laini za kutengenezea modeli, zamu za mashine ya kukatia kwa leza, na safari ya kutazama majengo ambayo kwenye karatasi ni ya hiari ilhali kazi ya muhula mzima imejengwa juu yake. Programu za kuchorea ndizo zenye nafuu, kwa kuwa Autodesk na Graphisoft huwapa wanafunzi leseni bila malipo. Hayo mengine usiiulize ofisi ya udahili. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili umuulize swali moja: mwezi wa mwisho wa muhula ulitumia kiasi gani kwa kuchapa na kutengeneza modeli? Jibu lake lizidishe kwa mihula yote.

Kisha kuna mshahara uliouacha, na hapa watu hunibishia kwamba mshahara wa mhitimu mpya ni mdogo, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Kinachopotea si mshahara peke yake. Michoro ya ghorofa inapopelekwa halmashauri kuombewa kibali cha ujenzi, inatakiwa iwe na muhuri wa mbunifu aliyesajiliwa. Anayeondoka kabla ya kusajiliwa hurudi baada ya miaka miwili akiwa na uzamili, na bado anachora kwa muhuri wa mtu mwingine. Aliyemwacha nyuma ameshasajiliwa, anasaini, na ndiye atakayemsimamia. Kama safari ile ililipiwa kwa mkopo, deni linasomeka kwa euro au pauni, na kipato kinaingia kwa shilingi. Shilingi ikishuka, deni linapanda bila wewe kukopa hata senti.

Yanayosemwa vijiweni

Husemwa kwamba chuo chenye jina kubwa kinajilipa chenyewe. Katika sheria au fedha huenda. Katika kazi yetu mteja wa Mbezi anayetaka nyumba ya vyumba vinne haulizi ulisoma wapi. Anauliza umejenga nini, na anataka akaione. Wazee wetu wa fani wanatufundisha jambo hapa. Anthony Almeida, aliyeijengea Dar es Salaam baadhi ya majengo yake bora ya karne iliyopita, alisomea Bombay. Beda Amuli, mwenye jengo la Soko la Kariakoo, alisomea Technion, Haifa. Hakuna kati ya hao aliyepita kwenye shule ambazo vijana wa leo wanaziandika juu kabisa ya orodha zao. Francis Kéré wa Burkina Faso alisoma chuo cha umma, TU Berlin, na shule ya msingi ya kijijini kwao Gando ilikamilika mwaka 2001 akiwa bado mwanafunzi. Shahada yake aliipata 2004. Alipopewa tuzo ya Pritzker mwaka 2022, watu walizungumzia matofali ya udongo na paa lililoinuliwa ili hewa ipite. Jina la chuo lina kazi yake: kama unataka kufundisha, au kuajiriwa na kampuni kubwa za London na New York, litakufungulia mlango. Ila jiulize kama mlango huo ndio unaoutaka, maana bei yake ni kubwa.

Husemwa pia kwamba uzamili wa mwaka mmoja wa Uingereza unakufanya mbunifu majengo wa Uingereza. Haukufanyi. Kozi ya mwaka mmoja ni ya kubobea, na Part 2 ni kozi ya miaka miwili. Kosa hili huja na kosa la pili la ufadhili: Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza, hulipia kozi za mwaka mmoja. Mwenye ndoto ya Part 2 kwa fedha za Chevening anaomba kitu ambacho mfadhili hakiuzi. Anayetaka kurudi kufanya kazi Dar, Zanzibar au Mombasa hana hasara hapo, kwa sababu Part 2 hakuihitaji. Mwenye mwenza na watoto akumbuke pia kwamba tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani hawaruhusiwi kuingia Uingereza na wategemezi wao, na kwamba kila mwaka wa viza una tozo ya huduma ya afya ya pauni 776, inayolipwa kabla ya kupanda ndege.

La tatu, na ndilo linalowakatisha tamaa wengi, ni kwamba ufadhili ni wa wenye alama za juu kabisa. Alama zinasaidia, lakini soma masharti. Chevening inataka saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili. Mpango wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wa kozi za maendeleo, EPOS, nao kwa kawaida unataka angalau miaka miwili ya uzoefu baada ya shahada. Wafadhili hawa hawatafuti mwanafunzi bora wa darasa. Wanatafuta mtu ambaye tayari yuko kazini, amekutana na tatizo, na anaweza kueleza uzamili utamsaidiaje kulitatua. Tazama jinsi masharti yao yanavyolingana na kalenda ya usajili wetu: miaka ile ile unayofanya mafunzo kazini ndiyo miaka wanayokudai. Anayeomba akiwa bado na joho begani anajitoa mwenyewe kwenye mashindano, halafu anaanza kutafuta fedha za ukoo.

Italia inastahili maelezo yake, kwa kuwa ndiyo nchi ambayo watu huidharau kwa kutoijua. Ada za vyuo vya umma huko hufuata kipato cha familia. Politecnico di Milano, mojawapo ya shule kubwa za fani hii Ulaya, hata anayelipa kiwango cha juu halipi zaidi ya euro 4,000 hivi kwa mwaka, na ina kozi za uzamili kwa Kiingereza. Zaidi ya hapo kuna ufadhili wa mkoa, unaoangalia uwezo wa familia, ambao husamehe ada na kutoa fedha za kujikimu. Lakini una meno. Nyaraka za kipato cha wazazi na mali zao lazima zitafsiriwe na kuthibitishwa, kazi inayomeza wiki nyingi kwa familia ambayo kipato chake ni shamba na duka lisilo na vitabu vya hesabu. Fedha huchelewa kuingia, kwa hiyo miezi ya mwanzo unajitegemea. Na usipofikisha idadi ya krediti iliyowekwa kwa mwaka wa kwanza, unanyang'anywa na unaweza kudaiwa ulichokwisha kula. Anayekwenda Italia na aende, ila aanze kukusanya nyaraka kabla hata ya kuomba chuo, na awe na akiba ya miezi minne au mitano.

La mwisho ni dharau kwa masomo ya nyumbani, kwamba anayesoma uzamili Dar au Nairobi ni aliyeshindwa kutoka. Mtu huyo anasoma huku akilipwa, na tasnifu yake inaweza kuwa ni mradi ambao ofisi yake inaujenga. Kuna hata njia ya katikati ambayo vijana wengi hawaijui. Programu ya SPRING ya TU Dortmund, inayohusu mipango ya maeneo katika nchi zinazokua, imejengwa kwa mwaka mmoja Ujerumani na mwaka mwingine katika chuo mshirika, na Chuo Kikuu Ardhi kimekuwa mmoja wa washirika hao. Kwa anayeelekea upande wa miji, hiyo ni nusu ya gharama za Ulaya na utafiti unaofanywa kwenye mitaa anayoifahamu.

Ambao ushauri huu hauwahusu

Kuna watu watatu ambao wakinifuata nitakuwa nimewapoteza. Wa kwanza ni mwenye shahada ya kati. Katika baadhi ya vyuo vya Kenya safari imegawanywa, masomo ya usanifu kwanza na B.Arch baadaye, na aliyekatisha katikati anapungukiwa miaka ya kweli. Huyo anahitaji kozi ya kitaaluma, na kumaliza pale alipoanzia karibu kila mara ni nafuu kuliko kuhamia nje. Wa pili ni mhandisi wa ujenzi au mchoraji wa mambo ya ndani anayetaka kubadili fani. Marekani inazo kozi za M.Arch za takribani miaka mitatu kwa watu wa namna hiyo, lakini ajue kwamba kwa gharama ya mwaka mmoja wa huko pengine angesoma sehemu kubwa ya B.Arch ya hapa.

Wa tatu ni ndugu yetu anayeishi Marekani na ameamua kubaki. Kwake hesabu inageuka kabisa, kwa sababu majimbo mengi yanataka shahada iliyoidhinishwa na NAAB, kisha saa 3,740 za mafunzo kazini na mtihani wenye sehemu sita. Kama ana B.Arch ya Afrika Mashariki, mambo mawili yatamwokolea fedha. Kwanza aombe shahada yake itathminiwe kabla ya kuomba chuo chochote, maana huenda anapungukiwa masomo machache tu. Pili, chuo kikimkubali, aulize kwa maandishi atasamehewa mihula mingapi. Vyuo hutofautiana sana hapo, na kila muhula uliosamehewa ni maelfu ya dola. Vyuo vya umma hutoza wakazi wa jimbo ada ndogo kuliko wageni. City College ya New York na Morgan State ya Baltimore ni mifano ya vyuo vya umma vyenye M.Arch iliyoidhinishwa. Asijidanganye na digrii inayoitwa Master of Science in Architecture, kwani hiyo haimo kwenye orodha ya NAAB. Na anayetegemea mkopo wa serikali ya huko ajue kwamba kwa sheria iliyotiwa saini Julai 2025, mkopo wa Grad PLUS unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na mkopo wa kawaida wa uzamili una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka. Shule za bei kubwa haziingii humo.

Fedha iliyomo kwenye potifolio

Baada ya muda wa kozi, kinachopunguza gharama kuliko kingine chochote ni potifolio, kwa kuwa ndiyo inayokupatia msamaha wa ada au kazi ya usaidizi wa mwalimu. Nimezisoma nyingi, na nyingi zinafanana: kurasa 40 za picha za kompyuta, machweo ya rangi ya chungwa, na miti ya Ulaya iliyobandikwa mbele ya ghorofa la Sinza. Wahakiki wa Milano wanaona picha kama hizo kutoka kila pembe ya dunia, na za wenzetu wenye kompyuta bora zinapendeza zaidi.

Ninayoikumbuka ilikuwa na kurasa chache. Mmoja ulikuwa na mchoro wa ngazi ya shule, na pembeni yake mchoro ule ule umesahihishwa kwa kalamu nyekundu baada ya fundi kumwonyesha kwamba nondo za bimu na za ngazi zinagongana. Ukurasa uliofuata ulikuwa na picha ya ngazi ile imemwagwa zege, na sentensi mbili: nini kilibadilika, na kwa nini. Hakuna programu ya kompyuta inayotengeneza ukurasa huo. Unatoka saiti, na saiti ndiko ninakomwambia kijana akae kabla ya kuomba. Miaka miwili ya kazi kwa hiyo inajaza fomu ya mfadhili, inajaza potifolio na inaelekea kwenye muhuri, yote kwa wakati mmoja.

Yapo ambayo kijana hawezi kuyafanya peke yake. Bodi zetu zingetoa orodha ya wazi ya shahada za nje zilizokwisha kutathminiwa na uamuzi uliotolewa kwa kila moja, watu wasingesafiri gizani. Leo wengi huanza kuulizia utambuzi wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) na wa Bodi wakiwa wamerudi na vyeti mkononi. Swali hilo lingeulizwa kabla ya kulipa ada, jibu baya lisingekuwa na bei. Vyuo vyetu vinaweza kumpa kila mhitimu, pamoja na cheti, maelezo ya Kiingereza ya kila studio aliyopita na saa zake, ili chuo cha nje kiwe na msingi wa kumsamehe mihula. Nasi wenye ofisi tuache kinyongo na anayekwenda kusoma. Mwekee nafasi yake, muandikishane kwamba akirudi atafanya kazi miaka miwili, na mpe mradi mmoja wa ofisi auchukue kama mada ya tasnifu. Tutampata aliyebobea kwa gharama ndogo kuliko ya kumtafuta mwingine sokoni.

Kwa anayejiandaa kuomba, nashauri utaratibu huu. Andika kwanza unapungukiwa nini, kwa jina: usajili wa nchi fulani, au ujuzi fulani ambao ofisi yako inaununua kwa wengine. Bodi na ikuthibitishie kwa barua, si kwa maneno ya kijiweni. Tafuta kozi fupi kuliko zote zinazotoa kitu hicho. Ipigie hesabu ya vitu vinne kwa miezi yote, ukiweka shilingi dhaifu kuliko ilivyo leo. Kisha ndipo uangalie ufadhili, mwaka mmoja na nusu kabla ya masomo, kwa sababu maombi mengi hufungwa kati ya Oktoba na Februari kwa masomo ya Septemba inayofuata. Ukikwama kwenye hatua ya kwanza, usipojua unapungukiwa nini, basi huhitaji uzamili bado, na ada ya maombi uliyotenga ipeleke kwenye mitihani ya Bodi.